Mweka hazina anahamia Doha na maneno 12 ya pochi ya chama yako kwake. Tunakabidhianaje?

#1 KaraniWaUmoja

Wazee na dada zangu, habari zenu. Chama chetu kiko Umoja, tuko watu kumi na mmoja. Pesa nyingi ziko Sacco, ila tulikubaliana sehemu ndogo iwekwe DeFi, yaani huduma za fedha za blokcheni zisizo na benki: USDC (sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola) ndani ya Aave, programu ya kukopesha na kukopa, kwenye mtandao wa Arbitrum uliojengwa juu ya Ethereum. Hatujakopa chochote, tumeweka tu tupate riba.

Pochi ilifunguliwa na mweka hazina kwenye simu yake na maneno 12 ya siri yanayoifungua anayo yeye. Hakuna aliyewahi kulalamika, maana anwani tunaijua na yeyote anaweza kuangalia salio kwenye Arbiscan, tovuti ya kuangalia miamala ya Arbitrum. Sasa amepata kazi Doha, anaondoka mwezi ujao. Mwenyekiti anasema ni rahisi: amwandikie katibu yale maneno, yatiwe kwenye bahasha, maisha yaendelee. Mwanachama mwingine anataka tuyagawe, sita kwa mwenyekiti na sita kwa katibu.

Katibu ni mimi, na njia zote mbili zinanikosesha usingizi, ila mkutanoni nashindwa kueleza kwa nini. Nipeni hoja. Na tafadhali msiniambie tuuze tutoke, hilo tulishalijadili hadi chai ikapoa.

#2 MzeeWaHisa

Uzeni mtoke.

#3 KaraniWaUmoja

Asante mzee wangu, nilikuwa nakungoja.

#4 fundi_saini

Karani, anza na hili mkutanoni: nywila ukishuku mtu anaijua, unaibadilisha jioni hiyohiyo. Maneno 12 hayabadilishiki. Programu inayatumia kukokotoa ufunguo wa siri, na kutoka kwa ufunguo huo inakokotoa anwani. Akaunti ya kawaida ya Ethereum, na Arbitrum inafuata utaratibu uleule, inaishi na ufunguo mmoja tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Hata mabadiliko ya Pectra ya Mei 2025, yaliyoruhusu akaunti ya kawaida kuazima msimbo wa mkataba (programu inayoishi kwenye blokcheni), hayakuugusa ufunguo huo. Aliye nao bado ana mamlaka yote.

Kwa hiyo mweka hazina akikuandikia maneno kwenye bahasha, mmeongezeka tu. Yeye anayo Doha, wewe unayo Umoja, na pengine kuna nakala kwenye simu ya zamani aliyompa mdogo wake. Siku pesa ikitoka, blokcheni itaonyesha saini moja halali na hakuna atakayeweza kuthibitisha ni ya nani kati yenu. Mwambieni na yeye mwenyewe, maana hata yeye bahasha haimfai: atakuwa mshukiwa maisha yake yote kwa pesa ambazo hazishughulikii tena.

Kukabidhi kwa kweli ni kuhamisha mali kwenda anwani mpya. Na hamlazimiki hata kuitoa USDC Aave. Mnachoshika ni aUSDC, tokeni ya Aave inayowakilisha USDC yenu; inahamishika kama nyingine, na inaendelea kuzaa riba huko iendako. Mngekuwa mmekopa ingekuwa habari tofauti, kwa sababu Aave inazuia uhamisho unaoliacha deni bila dhamana ya kutosha.

Hiyo anwani mpya iwe pochi ya saini nyingi. Safe ndiyo inayotumika zaidi. Anwani yake ni ya mkataba ulio kwenye blokcheni, na ndani yake kuna orodha ya watia saini pamoja na idadi ya saini zinazohitajika. Mtu akihama, akifariki au mkikosana, waliobaki wanatia saini kumwondoa na kumwingiza mwingine. Anwani inabaki ileile na pesa haisogei hata senti.

#5 Nyokabi_Hesabu

Niongeze kuhusu kugawa sita kwa sita, maana hilo naona vyama vingi wanalipenda.

Orodha ya BIP-39, kanuni inayotumika kutengeneza maneno haya, ina maneno 2,048, kwa hiyo kila neno lina biti 11. Maneno 12 ni biti 132. 4 kati ya hizo ni za kukagua makosa, zinabaki 128 za siri. Mtu mwenye sita mkononi amebakiza biti 66 tu, na zile 4 za ukaguzi zinamsaidia kuchuja, ikawa kama 62. Kutoka 2 kwa kipeo cha 128 hadi 2 kwa kipeo cha 62 si kupungua kwa nusu, ni kuanguka kutoka jambo lisilowezekana hadi jambo la gharama. Mwenye mashine nyingi na subira anaweza kuanza kupiga hesabu.

Na hilo ndilo tatizo dogo. Kubwa ni kwamba nusu moja ikipotea, zote mbili zimekufa. Mmeongeza njia za kuibiwa na njia za kupoteza kwa pamoja.

Kama lazima kugawa siri, iko njia iliyobuniwa na Adi Shamir mwaka 1979: unatengeneza vipande, tuseme vitatu, viwili vyovyote vinatosha kuirudisha siri na kimoja peke yake hakisemi lolote. Trezor, watengenezaji wa vifaa vya kutunza funguo, wanaitumia kupitia kanuni ya SLIP-39. Lakini kwa chama bado nakubaliana na fundi, kwa sababu siku ya kuunganisha vipande, ufunguo mzima unakuwa kwenye kifaa cha mtu mmoja.

#6 MzeeWaHisa

M-Pesa nikikosea namba natuma ule ujumbe kwa 456. Huko kwenu mnatuma kwa nani?

#7 fundi_saini

Kwa hakuna mtu, mzee. Ile sheria ya 2025 ya watoa huduma za mali za kidijitali inawaweka chini ya Benki Kuu na CMA (Mamlaka ya Masoko ya Mitaji) wale wanaokushikia au kukuuzia. Pochi unayoishika mwenyewe haina mtoa huduma wa kushtaki.

#8

[Ujumbe umeondolewa na msimamizi]

#9 Msimamizi

Huyo alikuwa anatangaza "wataalamu wa kurejesha pochi" na fomu ya kujaza maneno 12. Nimemfungia. Karani, usimjibu yeyote kwenye ujumbe wa faragha, hata anayejiita fundi_saini. Umeshatangaza kwamba mna pesa.

#10 Bi_Swafiya

Mwanangu Karani, mie niko Mombasa lakini naufuata uzi huu. Wamekwambia saini nyingi, sawa. Ila angalia nani anashika nini.

Daraja la Ronin, njia ya kuvusha sarafu kati ya mitandao, lile la mchezo wa Axie Infinity, lilikuwa na wathibitishaji 9 na saini 5 zilitosha. Machi 2022 likaporwa ETH (sarafu ya Ethereum) 173,600 na USDC milioni 25.5. Kwani walivunja funguo tano mahali patano? Hata. Nne zilikuwa za kampuni moja, Sky Mavis. Ya tano ilikuwa ya Axie DAO, umoja wa wanajamii wa mchezo huo, ambayo mwaka uliotangulia iliiruhusu Sky Mavis itie saini kwa niaba yake kwa muda, na ruhusa ile haikufutwa. Aliyeingia Sky Mavis alizikuta tano zote. Na wizi wenyewe ulijulikana siku ya sita, mteja alipotaka kutoa pesa zake ikashindikana.

Sasa chamani kwenu, mwenyekiti na mkewe wote ni watia saini, wanatumia kompyuta moja sebuleni? Hiyo ni saini moja yenye majina mawili. Na yule kijana anayewasaidia wazee kuweka programu kwenye simu, yeye ameziona funguo ngapi?

#11 KaraniWaUmoja

Bi Swafiya, shikamoo. Umenigusa, mwenyekiti na mkewe kweli wote wako kwenye kamati. Na kijana wa kuwasaidia wazee kwa simu ni mimi.

Basi niulize: kwa nini tusiwe wote kumi na mmoja? Kila mtu atajisikia ana sauti.

#12 Nyokabi_Hesabu

Kura pigeni wote kumi na mmoja, saini ziwe za wachache. Mkiweka 2 kati ya 11, mwizi ana watu kumi na mmoja wa kuwarubuni na anahitaji wawili tu. Daraja la Harmony lilikuwa 2 kati ya 5, likaenda na takriban dola milioni 100 Juni 2022. Mkiweka 8 kati ya 11, siku mnahitaji pesa ya matanga mtazunguka Nairobi nzima mkitafuta wa nane. Kwa ukubwa wenu, 3 kati ya 5.

#13 fundi_saini

Naunga mkono 3 kati ya 5, na nina pendekezo ambalo najua litazua maneno: mweka hazina abaki kuwa mmoja wa watano akiwa hukohuko Doha. Kwa ufunguo mpya kabisa, siyo ule wa maneno 12.

#14 MzeeWaHisa

Anayeondoka umwachie ufunguo? Hii ndiyo teknolojia?

#15 fundi_saini

Mzee, peke yake hawezi kutoa hata shilingi, na mkimchoka saini tatu za wengine zinamwondoa. Lakini majambazi wakiingia nyumba ya katibu saa nane usiku, hawawezi kumfikia aliye Doha. Januari 2025 huko Ufaransa mmoja wa waanzilishi wa Ledger, kampuni ya vifaa vya kutunza funguo, alitekwa nyumbani kwake, wakamkata kidole ili fidia ilipwe. Mtu anayeweza kulazimishwa kutoa kila kitu kwa saini moja ni hatari kwake mwenyewe kwanza. Umbali ni ulinzi ambao chama chenu mmepewa bure.

Hii pia inamaanisha watano wasikae wote mtaa mmoja. Na wasivae fulana za Bitcoin.

#16 otis_kirinyaga

Mnamwambia anunue vifaa vitano vya Ledger au Trezor kwa pesa ndogo ya chama? Simu zinatosha, jameni. Bybit, soko la sarafu za kidijitali, walikuwa na vifaa, walikuwa na Safe hiyohiyo mnayoisifu, na Februari 2025 wamepoteza dola bilioni 1.5.

#17 fundi_saini

Otis, umeuliza swali zuri kuliko yote humu, ngoja nikae vizuri.

Bybit hakuna aliyeiba funguo. Kompyuta ya msanidi mmoja wa Safe ilidukuliwa, msimbo wa ukurasa wa Safe ukabadilishwa, na ukabadilishwa kwa namna ya kuwalenga Bybit. Watia saini waliona kwenye skrini uhamisho wa kawaida kwenda anwani wanayoijua. Kilichofika kwenye vifaa vyao vya kusaini kilikuwa kitu kingine, na kifaa hakikuweza kukisoma kikawaeleza kwa lugha ya binadamu. Kilionyesha msururu wa herufi na tarakimu. Wakabonyeza kubali. Amri ile ilibadilisha msimbo wa pochi yenyewe, na kuanzia hapo wadukuzi hawakuhitaji saini ya mtu. ETH kama 400,000 zikaondoka. FBI ikawataja Korea Kaskazini.

Radiant Capital Oktoba 2024, vilevile: vifaa vilikuwepo, kompyuta za wasanidi zilikuwa na programu hasidi, skrini ikasema hivi na saini ikaenda kule. Takriban dola milioni 50.

Kwa hiyo kifaa kinalinda ufunguo usitoke. Hakilindi macho yako. Kwa chama, miamala yenu ni michache na ya aina moja au mbili, na hiyo ni bahati ambayo soko kubwa halina. Kabla ya kusaini:

Angalia sehemu inayoitwa "operation". Ikiwa 0 ni wito wa kawaida. Ikiwa 1, mkataba mwingine unapewa ruhusa ya kufanya kazi ndani ya pochi yenu kana kwamba ni pochi yenyewe. Muamala wa Bybit ulikuwa 1. Nyinyi kutuma aUSDC au kutoa USDC haitawahi kuhitaji 1 mkifanya jambo moja kwa wakati, kwa hiyo mkiiona, simameni.

Halafu heshi ya muamala, yaani alama ya herufi na tarakimu inayokokotolewa kutoka kwa data yake. Safe inatoa heshi, kifaa kinaonyesha heshi, na zipo programu huru zinazoikokotoa upya kutoka kwa data ya muamala. Mtu mmoja kati ya watano apewe kazi hiyo tu: aikokotoe kwenye kompyuta isiyotumika kwa saini, awasomee wenzake kwa simu, kila mtu alinganishe na kilicho kwenye kifaa chake. Kwa sauti, siyo WhatsApp. WhatsApp ya mtu inatekwa kwa kubadilishwa laini tu, na wizi wa laini hapa kwetu hauhitaji kuelezwa.

Vifaa vitano si lazima. Vitatu vya kifaa na viwili vya simu, mradi hakuna saini tatu za simu zinazotosha.

#18 otis_kirinyaga

Sawa, hapo nimekuelewa. Kununua wapi? Niliona Luthuli mtu anauza Ledger kwa bei ya kutupa, sanduku limeshafunguliwa "kuonyesha wateja".

#19 Nyokabi_Hesabu

Usiguse. Kifaa halisi hakiji na maneno yaliyoandikwa. Kinayazalisha chenyewe mbele yako. Ukikuta kadi yenye maneno 24 tayari, hata ikiwa imefunikwa ile ya kukwangua kama kadi ya salio, mwenye hayo maneno anangoja uweke pesa. Agiza kwa mtengenezaji, lakini usitumie anwani ya nyumbani. Taarifa za wateja wa Ledger zilivuja 2020, majina na anwani za watu zaidi ya 270,000, na mwaka uliofuata baadhi wakaletewa kwa posta vifaa bandia vyenye barua ya kuomba radhi.

#20 KaraniWaUmoja

Na hayo maneno mapya ya kila mtu yahifadhiwe wapi? Mweka hazina alikuwa ameyapiga picha ya skrini, nimeambiwa leo.

#21 Nyokabi_Hesabu

Basi uhamisho usingoje mwezi ujao.

Picha ya skrini inapanda mtandaoni pamoja na picha za harusi. Februari 2025 Kaspersky walieleza kuhusu SparkCat, programu hasidi iliyojificha ndani ya programu za kawaida kwenye duka la Google na la Apple pia. Kazi yake ilikuwa kusoma maandishi yaliyo ndani ya picha za simu, ikitafuta maneno ya pochi. Na Aprili 2022 watengenezaji wa pochi ya MetaMask wenyewe waliwaonya wenye iPhone kwamba nakala ya iCloud inaweza kubeba data ya pochi iliyofungwa kwa nywila tu. Aliyeteka iCloud yako akakisia nywila, basi.

#22 otis_kirinyaga

Hapa nina mchango, maana ni kazi ninayoijua. Karatasi inaliwa na maji na moto. Nenda Kamukunji, nunua kipande cha chuma kisichoshika kutu, wakukatie ukubwa wa kitambulisho. Halafu Kirinyaga Road maduka ya vifaa yana seti ya herufi za kugonga na nyundo. Piga MWENYEWE nyumbani. Usimpe fundi wa Kamukunji orodha yako akupigie, hata kama ni shemeji yako.

Herufi nne za kwanza za kila neno zinatosha, orodha ile ya Kiingereza imepangwa hakuna maneno mawili yanayofanana herufi nne za mwanzo. Piga na namba, mpangilio ukivurugika umeumia. Na chagua saa ambayo jirani halali, kelele yake si ndogo.

#23 Bi_Swafiya

Na neno la ziada analojitungia mtu juu ya maneno ya pochi, lile wanaloliita neno la 25? Mjukuu wangu analisifu.

#24 fundi_saini

Kwa mtu binafsi ni zuri. Kwa chama silipendi. Ukilikosea herufi moja, kifaa hakikwambii umekosea. Kinakufungulia pochi nyingine tupu. Mtu mzima amelia humu akidhani ameibiwa, kumbe aliandika herufi kubwa mahali pa ndogo. Saini 3 kati ya 5 zinawapa ulinzi uleule bila mtu kukumbuka kitu kichwani.

Jambo la mwisho kutoka kwangu, na ndilo linalowaponza watu wa DeFi kuliko hayo yote: idhini. Kila mlipotumia mkataba mpya, mliuruhusu uchukue tokeni zenu, na mara nyingi bila kikomo. Badger DAO Desemba 2021, funguo za watumiaji zilikuwa salama salimini. Ukurasa ulidukuliwa ukaomba idhini za ziada, watu wakakubali, kama dola milioni 120 zikachotwa baadaye. Siku hizi kuna idhini za kusaini tu, hazitozi ada wala hazionekani kwenye historia ya akaunti hadi zitumike. Pochi mpya ya Safe iongee na Aave peke yake. Anayetaka kujaribu mradi alioletewa na binamu yake atumie pochi yake.

#25 MzeeWaHisa

Na Aave yenyewe ikivunjwa?

#26 fundi_saini

Hapo funguo hazisaidii, mzee. Kweli kabisa.

#27 KaraniWaUmoja

Mkutano tumefanya jana, wa dharura kwa sababu ya ile picha ya skrini. Imepita 3 kati ya 5: mimi, mwenyekiti, mweka hazina mpya wa Kasarani, mama mmoja anayeishi Nakuru, na mweka hazina wa sasa akiwa Doha. Mke wa mwenyekiti amejiondoa mwenyewe baada ya mimi kusoma habari ya Ronin kwa sauti. Alisema, "Basi mimi ndiye Axie DAO."

Maswali mawili yamebaki. Mwenyekiti ana USDC kidogo kwenye Base, mtandao mwingine, na anataka kuituma kwenye anwani hiyohiyo ya Safe, maana anwani ni moja. Na je, tukihamisha kila kitu, maneno 12 ya zamani tuyachome?

#28 Nyokabi_Hesabu

La kwanza: ASITUME. Safe ni mkataba, na kuwepo Arbitrum hakumaanishi upo Base. Mwaka 2022 Optimism, mtandao mwingine, walituma tokeni zao za OP milioni 20 kwa anwani ya Safe ya kampuni ya Wintermute ambayo kwenye mtandao wa Optimism ilikuwa bado haijawekwa. Mtu mwingine akaiwahi, akauweka mkataba kwenye anwani ileile yeye akiwa mmiliki. Alirudisha nyingi, lakini kwa hiari yake. Mwenyekiti aivushe kwanza USDC kwenda Arbitrum kwenye pochi yake, ndipo aitume.

La pili: msichome bado. Hamisheni kiasi kidogo, kisha kitoeni tena kutoka Safe kwa saini tatu tofauti, ili mjue njia ya kutokea inafanya kazi. Kila mtia saini afute kifaa chake na akirudishe kutoka kwenye chuma chake kabla ya pesa kubwa kuingia. Halafu hamisheni zote. Maneno ya zamani yawekwe kando miezi kadhaa, kwa sababu zawadi za tokeni wakati mwingine hutumwa kwa anwani iliyokuwa na salio zamani. Zikija, zichukuliwe na kuhamishwa siku hiyohiyo, kwani anwani ile ihesabuni kuwa iko wazi kwa kila mtu.

Kwenye kumbukumbu za mkutano andika anwani tano za watia saini, nani anashika ipi, na kwamba akifa au akijiuzulu atabadilishwa kabla ya mkutano unaofuata. Mahakama inaweza kuipa familia barua za usimamizi wa mirathi, lakini hakuna hakimu anayeweza kuufungua ufunguo wa marehemu, na pesa ya watu kumi isingoje hapo. Maneno yenyewe yasionekane popote kwenye kitabu hicho.

#29 KaraniWaUmoja

Nimeyaandika. Jaribio la kiasi kidogo ni Jumamosi saa nne, mweka hazina akiwa bado Nairobi. Mwenye kukokotoa heshi ni yule mama wa Nakuru, amesema zamani alikuwa mwalimu wa hisabati na haamini kompyuta ya mtu.